Taa za Watu Wengine

Kuna mashua Gisenyi zinazoondoka ufukweni jioni, giza likianza kushuka, na kurudi baada ya muda pale pale zilipotoka. Anayelipa halipii kufika mahali. Analipia kuona. Na usiku, ndani ya Ziwa Kivu, cha kuona ni taa. Kuna za Gisenyi na za Goma, zimeshikana hata huwezi kusema mji huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi. Kuna za wavuvi wa sambaza, huko mbali, kana kwamba mtu amemwaga makaa juu ya maji. Na kaskazini, wingu likikubali kusogea, kuna wekundu wa Nyiragongo.

Hakuna msanii aliyezitundika taa hizo. Hilo ndilo linanisumbua. Mtu ana haki gani ya kuketi kwenye kiti, soda mkononi, akaona uzuri katika kitu ambacho kwa mwenzake ni kazi ya usiku, ama ni hofu, ama ni kwao alikofukuzwa?

Najua kuna atakayesema hili ni swali la watu walioshiba. Huku Kanzenze, kwenye kituo cha Nkamira, wamepokelewa watu waliovuka mpaka mwaka 2012, na tena kuanzia mwisho wa 2022, na maswali yao ya kila siku yanajulikana: tutahamishwa lini, watoto watasoma wapi, mama aliyebaki nyuma anapokea simu ama hapokei. Taa za kutembezea wageni zinatuhusu nini? Mimi nasema zinatuhusu siye kabla ya wengine. Mgeni anaangalia tu. Siye tunaangalia, na pia tunaangaliwa.

Nianze mbali kidogo, mahali ambapo taa hutundikwa makusudi. Mji wa Amsterdam, Uholanzi, una tamasha la taa kila majira ya baridi, tangu 2012. Wasanii huweka kazi zao kando ya mifereji na chini ya madaraja, na watu hupanda mashua jioni kuzipitia moja moja. Katika tamasha la 2017 kuingia 2018, msanii wa China, Ai Weiwei, aliweka mstari mmoja mwekundu wa taa kando ya mifereji, wenye urefu wa kilomita 6.5 hivi. Aliuita Thinline. Maana yake ilikuwa mpaka. Mtu huyu anajua anachosema: baba yake, mshairi Ai Qing, alipelekwa uhamishoni Xinjiang pamoja na familia, na mtoto akakulia huko. Mwaka huo huo wa 2017 alitoa filamu kuhusu wakimbizi wa dunia, na Dadaab ya Kenya imo ndani yake.

Basi nimewaza sana juu ya wale watu wa Amsterdam. Wamejifunika vizuri kwa sababu ya baridi, mashua inateleza, na mpaka unawafuata pembeni, mwekundu, mzuri. Wapo waliofikiri juu ya watu wanaokwama kwenye mistari kama ile. Wapo waliopiga picha wakaendelea na mazungumzo yao. Siwezi kuwahukumu. Mstari ule uliwekwa ili uangaliwe. Aliyeuweka alijua kwamba macho ya watu hayana adabu, akayaalika hivyo hivyo.

Sasa geuka utazame Kivu. Hapa mpaka unapita majini na hakuna taa wala mstari. Mvuvi anayevuka bila kujua anaweza kukamatwa, nyavu zikabaki huko. Mpaka wa Amsterdam ulionekana na haukumzuia mtu. Wa kwetu hauonekani, na ndio unaozuia. Nadhani kama Ai Weiwei angekuja hapa usiku angekaa kimya kidogo.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema jibu limepatikana mapema: kuna taa iliyotolewa kwa ajili ya macho, na kuna taa ambayo macho yanajichukulia. Ya kwanza ni halali, ya pili ni wizi. Jibu hilo ni jepesi, lakini silikubali. Moto wa jikoni haukuwashwa ili nipendezwe nao, lakini mama yangu akipuliza kuni jioni na uso wake ukawaka upande mmoja, nilikuwa naona. Nani atasema niliiba? Tukikubali kwamba kizuri ni kile tu kilichotengenezwa kiwe kizuri, dunia itabaki na maonyesho na maduka.

Chukua hao wavuvi. Sambaza wenyewe ni wageni humu ziwani. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ili kuwavua, mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu hushushwa, na taa huwekwa juu ya maji. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni balbu na betri. Dagaa hao wadogo wanakuja kwenye mwanga, wavu unainuliwa. Wakipiga makasia kutoka ufukweni wanaimba, na wageni wanaupenda sana wimbo huo, ila wimbo una kazi yake: unafanya makasia yote yashuke pamoja. Kila kinachowapendeza wageni pale ni chombo cha kazi. Hata taa yenyewe iliwekwa ili ivutie. (Sambaza nao walivutwa na uzuri, na sote tunajua wanakoishia: kwenye mafuta, na chumvi kidogo.)

Nilipata kuongea na mvuvi mmoja mzee upande wa Rubona. Nilimwuliza kama inamuudhi watu wanavyokuja kumtazama akifanya kazi. Alicheka. "Kijana, na siye tunawaangalia ninyi. Mashua yenu iko na taa za rangi, inapita kama arusi. Iko muzuri." Halafu akaacha kucheka. "Lakini mukikaribia na ile moteri, samaki wanashuka chini. Muangalie kwa mbali."

Nilipenda jibu hilo kuliko mengi niliyosoma. Mzee hakudai kwamba kazi yake ni takatifu na isiguswe na macho. Hakuona aibu kuwa mzuri machoni pa mtu. Alichosema ni kwamba kuangalia nako ni kitendo, kuna moteri ndani yake, na moteri hiyo inaweza kumnyima mtu chakula cha kesho.

Ya Nyiragongo ni magumu zaidi.

Mlima huo una mita 3,470, na kwenye shimo lake huchemka ziwa la lava. Umetapika mara tatu ambazo wazee wetu wanazihesabu: Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya Goma hadi ikaingia ziwani. Watu kama 120,000 walibaki bila nyumba, na wengi zaidi ya hao wakakimbilia Gisenyi kwa miguu. Zamani, kabla ya watalii, watu wa pande hizi waliokuwa wafuasi wa Ryangombe walisema kwamba mwenye kuingizwa katika mambo yake, akifa, roho yake inakaa raha Karisimbi. Asiyeingizwa anatupwa kwenye moto wa Nyiragongo. Kwao wekundu ule ulikuwa hukumu, na sidhani kuna aliyekodi mtumbwi ili autazame.

Wazungu waliliwaza jambo hili zamani. Mshairi wa Kirumi Lucretius, kabla ya Kristo, aliandika kwamba kuna utamu fulani katika kusimama nchi kavu ukimtazama mwingine anayehangaika baharini. Alieleza kuwa utamu huo hautoki kwenye mateso ya yule. Unatoka kwenye kujua kwamba wewe umeepuka. Na Kant, Mjerumani, mwaka 1790, aliutaja mlima wa moto kati ya vitu vinavyotutisha na kutuinua kwa pamoja, ilimradi tuko mahali salama.

Nawaheshimu, lakini naona wote wawili waliandika kana kwamba aliye salama na aliye hatarini ni watu wawili tofauti, mmoja ufukweni, mwingine majini. Kwetu ni mtu mmoja. Usiku ule wa 2002, waliofika Gisenyi waligeuka nyuma wakaangalia. Walikuwa salama, kama Kant anavyotaka. Na kilichokuwa kinawaka ni vitanda vyao.

Niliwahi kuwa kwenye mashua moja ya jioni na kikundi cha watu wa kwetu; tulilipiwa na mtu mwema. Ndani walikuwemo pia wageni wachache ambao hatukuwajua. Wekundu ulipotokea juu ya wingu, wale wageni wakasimama na simu zao, wakasema kwa lugha yao neno ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. Mama mmoja wa Goma, aliyekaa karibu na mimi, akasema bila kuinua sauti: "Hii moto njo ilikulaka nyumba yetu."

Kijana mmoja wa kwetu akawatafsiria. Yule mgeni wa karibu alishusha simu haraka, akaanza kuomba msamaha, uso umembadilika. Na mama akakataa msamaha wenyewe. "Hapana, piga tu picha. Mimi sikusema usiangalie. Nimesema ni nyumba yangu."

Baadaye nilimwuliza, kwa heshima, usiku ule wa 2002 yeye aliuonaje. Alikaa muda. "Ilikuwa mubaya. Na ilikuwa muzuri. Usiniulize tena, mwanangu." Sikumwuliza tena.

Nimelibeba neno lake muda mrefu sasa. Kuna watu wema wanaodhani heshima kwa aliyeumia ni kugeuza macho. Wanaona haya kwa niaba yetu. Lakini mama huyu hakutaka watu wageuze macho. Alitaka kile wanachokiangalia kiwe na jina. Kumkataza mtu asione uzuri ni kazi bure, kwa sababu macho hayaombi ruhusa. Na yeye mwenyewe, mwenye nyumba, alikuwa ameuona. Aliloweza kudai ni kwamba uzuri huo usifutwe mwenyewe.

Hapa nakumbuka safari nyingine ya majini ya kutazama mlima wa moto, iliyo maarufu kuliko zote. Mwaka 79, huko Italia, Vesuvius ulipolipuka, Pliny Mkubwa alikuwa mkuu wa meli za kivita ng'ambo ya ghuba. Aliona wingu la ajabu likipanda, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kujua, akaagiza mashua nyepesi aende kulitazama kwa karibu. Alimwambia mpwa wake kama anataka waende pamoja. Kijana akasema anabaki na masomo yake. Akiwa anatoka nyumbani, ikamfikia barua ya mwanamke anayeitwa Rectina, aliyekaa chini ya mlima ule na hakuwa na njia ya kutoka isipokuwa kwa bahari. Pliny akabadilisha safari. Akaagiza meli kubwa, akaelekea huko ambako wengine walikuwa wanakimbia. Hakurudi, alifia Stabiae. Tunayajua haya kwa sababu yule mpwa aliyabaki kuyaandika kwa Tacitus.

Watu husimulia habari hii kama habari ya ujasiri. Mimi naiona kama habari ya barua. Aliyetaka kutazama na aliyekwenda kuokoa ni mtu yule yule, katika siku moja. Kati yao ni karatasi tu, na mkono uliokubali kuifungua. Udadisi wake haukuwa dhambi iliyohitaji kutubiwa. Ndio uliomfanya awe tayari anaelekea kule. Ningemwogopa mtu ambaye angeisoma barua ile akasema, "Asante, lakini mimi nimetoka kuangalia wingu."

Kwa hiyo kipimo changu, kama mtu ananidai kipimo, kiko pale: je, kutazama kwako kunaweza kukatizwa? Mvuvi akisema muko karibu mno, nahodha atazima moteri? Mama akisema ni nyumba yangu, utasikia, ama utamwona anakuharibia jioni? Sisemi kila mgeni aende Goma na ndoo ya maji. Wengi hawawezi chochote, na mama hakuwaomba chochote.

Na si kila barua ni ya huzuni. Tarehe 22 Mei 2021, ilikuwa Jumamosi, anga la Goma liligeuka jekundu jioni na hakuna aliyekuwa ametangaza. Watu walijua kwa macho yao. Picha za simu zilitembea haraka. Wengi walizipiga kwa mshangao tu, kwa sababu anga lilikuwa la ajabu, na picha hizo hizo ndizo ziliwaambia ndugu wabebe watoto watoke. Watu zaidi ya 30 walikufa katika mkasa ule. Baada ya hapo ziwa la lava liliporomoka ndani, wekundu ukapotea kwa miezi. Wapo Goma wanaosema mlima ukiwaka unapumua, na ukiwa giza ndipo uogope. Sijui kama wataalamu watakubali, lakini naelewa kwa nini mtu anayekaa chini yake apende kuuona unawaka. Huo nao ni uzuri, na mgeni hawezi kuununua.

Macho peke yake, hata hivyo, hayatoshi, na ziwa lenyewe linatufundisha hivyo. Chini ya ile mashua, kwenye maji ambayo kina chake kinapita mita 470, kuna takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za hewa ya ukaa. Karongi wanavuta gesi hiyo tangu mwishoni mwa 2015 na kuwasha nayo umeme, megawati 26 hivi, kwa hiyo baadhi ya taa unazoziona milimani zimetoka chini ya miguu yako. Ziwa dogo la Nyos, Kameruni, lilitoa hewa ya ukaa usiku mmoja wa Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Na kwetu, pande za Goma na Gisenyi, hewa hiyo hutoka ardhini na kulala kwenye mabonde madogo. Mbuzi anashuka kula majani na hapandi tena, wakati mwingine ni mtoto. Tunaiita mazuku, na wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua neno letu. Mazuku hayana rangi wala mwanga. Hakuna mashua ya kwenda kuyaona. Kinachoua bila kuwaka kinahitaji mtu wa kukisema.

Nimebaki na jambo la siye tunaoangaliwa. Barabara ya Kigali kwenda Rubavu inapita karibu na kituo, na jioni abiria wanaona taa zetu ndogo kwenye mistari. Mtu mmoja aliwahi kuniambia, "Kwenu usiku panapendeza, kama kamji." Nilifurahi, nikakasirika, vyote kwa pumzi moja. Wapo wapiga picha wanaokuja mchana, na kamera ikiinuka watoto waliokuwa wanacheka wanajua wenyewe kuacha kucheka. Wameshajifunza kwamba mkimbizi anayependeza si mkimbizi wa picha. Kati ya sura hizo mbili, mji mzuri wa mbali usiku na uso wa huzuni wa karibu mchana, sioni mahali pangu hata pamoja.

Na siye kwa siye tunafanyiana hivyo hivyo. Tuliporudi kutoka ziwani, kuna waliosema: pesa ya mashua si ingenunua maharage? Ingenunua. Hesabu yao ni sahihi na siwalaumu. Aliyelala njaa ana haki ya kuuliza bei ya kila kitu. Lakini msaada unahesabiwa kwa mdomo na kwa mgongo, chakula kiasi hiki, blanketi ngapi, na ikiwa siye wenyewe tutakubali kwamba hicho ndicho chote mtu anachohitaji, basi tumemaliza kazi ambayo vita iliianza. Yule mama alipoteza nyumba kwa moto, akarudi, akajenga tena Goma juu ya lava iliyopoa, halafu bunduki zikamtoa. Kama kuna mtu aliyestahili saa moja ya kukaa juu ya maji na kuangalia taa, ni nani mwingine?

Wakati mashua inageuka kurudi, yule mgeni aliyekuwa ameshusha simu alimwuliza, kwa kupitia kijana wetu, nyumba ilikuwa upande gani. Mama alinyosha mkono kuelekea taa zile zilizochanganyika. "Goma," akasema nahodha, kumsaidia. "Goma wapi?" mama akamjibu, kama mtu aliyetukanwa kidogo. Akaanza kuzitaja mwenyewe, kidole kinatembea polepole kutoka mpakani kwenda magharibi: pale Birere, nyuma yake Mapendo, njo ilikuwa kwetu, ile giza ni uwanja wa ndege, kule Himbi, kule mwisho Keshero. Nahodha alikuwa amezima muziki. Mgeni akarudia majina, vibaya, na mama akamsahihisha, moja moja, mpaka tukagusa mchanga.